Kutoa bila kurudisha: jibu la uwezekano limekosea wapi?

Makosa ya hesabu hizi yana uzuri mmoja: huacha alama. Mtu akileta 25/90 mahali palipotakiwa 20/90, aliyezoea anajua papo hapo ni hatua ipi iliyosahauliwa, hata kabla ya kuona karatasi yenyewe. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye jibu baya, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo chake.

Ili namba zilinganishike, mifano mingi inatumia mfuko mmoja: gololi 10, nyekundu 5, bluu 3, nyeupe 2. Gololi zote zina ukubwa mmoja, anayetoa haangalii, na iliyotoka hairudi. Sehemu ina namba ya juu (kiasi) na ya chini (asili). Nitayatumia majina hayo mawili mara nyingi.

Kabla ya lolote, andika pembeni mwa karatasi hali ya mfuko kila mara kabla mkono haujaingia. Mwanzo ni 5-3-2, jumla 10. Nyekundu ikitoka, mfuko ni 4-3-2, jumla 9. Bluu ikifuata, ni 4-2-2, jumla 8. Mstari huo mfupi unazuia karibu nusu ya matatizo yanayofuata.

Asili ya jibu ni 100 au 1000

Swali lilitaka nyekundu mbili, nawe umepata 25/100, yaani 0.25. Asili iliyojizidisha yenyewe ni ushahidi kwamba umeirudisha gololi mfukoni bila kukusudia: 5/10 × 5/10. Jibu sahihi ni 5/10 × 4/9 = 20/90 = 2/9, karibu 0.2222.

Mara nyingi tatizo liko kwenye usomaji. Maneno "bila kurudisha" yakiwepo, hakuna anayekosea. Shida huja yasipokuwepo. Swali likisema gololi mbili zimetolewa "kwa pamoja" au "kwa mpigo mmoja", wengi huona mkono umeingia mara moja tu, basi hakuna cha kupunguza. Lakini gololi mbili zilizo kiganjani haziwezi kuwa gololi ileile. Kutoa mbili kwa pamoja ni sawasawa na kutoa moja, kisha nyingine, bila kurudisha. Namba hazibadiliki hata kidogo. Vivyo hivyo kwa karata ulizogawiwa, wajumbe wa kamati, na balbu zinazopimwa mpaka ziungue. Dadu na sarafu ni kinyume chake: uso uliotokea bado upo, kwa hiyo asili haipungui kamwe.

Watu wawili, majibu mawili, na wote wamehesabu vizuri

Hapo kosa ni la swali. Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1657 mwanahisabati Christiaan Huygens alitoa swali la wachezaji watatu wanaopokezana kutoa kutoka kwenye vitu 12, vyeupe 4 na vyeusi 8. Wa kwanza kupata cheupe ndiye mshindi. Baadaye mwanahisabati mwingine, Jakob Bernoulli, alionyesha kwamba swali hilo linasomeka kwa njia tatu: kila kilichotolewa kinarudishwa, au hakirudishwi, au kila mchezaji ana vitu vyake 12. Kwa kurudisha, nafasi za watatu hao zina uwiano wa 9 : 6 : 4. Bila kurudisha, kwa fungu moja la wote, ni 77 : 53 : 35. Wa kwanza anapata 0.4737 kwa njia moja na 0.4667 kwa nyingine. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtu angedhani ni suala la kukadiria desimali, na ndiyo sababu ubishi wa namna hii hauishi. Swali lako likinyamaza kuhusu kurudisha, andika dhana uliyoichukua kwenye mstari wa kwanza wa jibu.

Jibu limezidi hata lile la kurudisha

Nyekundu mbili: umepata 25/90, karibu 0.2778. Simama hapo. Ukirudisha gololi, uwezekano ni 0.25. Kuondoa nyekundu moja mfukoni kunawezaje kuifanya nyekundu ya pili iwe rahisi zaidi kuipata? Haiwezekani.

Umepunguza asili ukasahau kiasi: 5/10 × 5/9. Gololi iliyotoka ilikuwa na rangi, na rangi hiyo nayo imepungukiwa. Kipimo cha haraka: ukitafuta rangi moja mfululizo, jibu la bila kurudisha lazima liwe dogo kuliko la kurudisha. Ukitafuta rangi tofauti, lazima liwe kubwa. Nyekundu kisha bluu ni 5/10 × 3/9 = 15/90, karibu 0.1667, dhidi ya 0.15 kwa kurudisha. Hapo kiasi cha bluu kinabaki 3 kwa sababu hakuna bluu iliyotoka. Wapo wanaoshika kanuni ya "punguza moja juu, punguza moja chini" kama wimbo, wakaandika 5/10 × 2/9. Kanuni hiyo haipo. Chini hupungua kila mara. Juu hupungua pale tu rangi unayoitafuta ilipotoka.

Mchoro wa mti, ambamo kila kutoa ni kituo chenye tawi moja kwa kila rangi, unaliweka kosa hili wazi, maana matawi yanayotoka kwenye kituo kimoja lazima yajumlike kuwa 1. Baada ya nyekundu, matawi ni 4/9, 3/9 na 2/9. Ukijumlisha ukapata 10/9, hukuondoa gololi yoyote. Ukipata 7/9, umeondoa moja kwenye kila rangi, kana kwamba gololi tatu zimetoka kwa mkupuo mmoja. Jumlisha kila kituo kabla ya kuanza kuzidisha. Ni kazi ya sekunde tano.

Jibu ni sifuri, na wazi kwamba si sifuri

Nyeupe mbili: mfuko una nyeupe 2, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Jibu lako ni 0. Angalia karatasi, na karibu hakika utakuta hivi:

2/10 = 1/5, halafu 0/4.

Sehemu imerahisishwa kabla ya kupunguza. 1/5 na 2/10 zinalingana kwa thamani, lakini 1/5 haikumbuki tena kwamba mfukoni kulikuwa na gololi 10. Ukitoa moja juu na moja chini ya 1/5, umetoa gololi kwenye mfuko wa gololi 5 ambao haupo popote. Sahihi ni 2/10 × 1/9 = 2/90 = 1/45.

Kosa hili huwa baya zaidi lisipoleta sifuri, kwa kuwa halijionyeshi. Mfuko wenye nyekundu 4 kati ya 10 hugeuzwa 2/5, kisha 1/4, na jibu la 1/10 linaonekana la kawaida kabisa. Sahihi ni 4/10 × 3/9 = 12/90 = 2/15. Acha sehemu zote bila kurahisisha hadi mwisho. Faida ya ziada ni kwamba majibu ya matukio mbalimbali hubaki na asili moja, 90 au 720, ambayo ni rahisi kuijumlisha.

Kinyume chake pia kipo. Nyeupe tatu kwenye mfuko wenye nyeupe 2 lazima ilete sifuri: 2/10 × 1/9 × 0/8. Ukipata namba yoyote nyingine, kiasi chako hakipungui.

Jibu limepita 1, au limekaribia 1 bila sababu

Nyekundu tatu mfululizo: 5/10 + 4/9 + 3/8 = 1.319. Umejumlisha mahali pa kuzidisha. Kwa gololi mbili kosa linajificha, kwani 5/10 + 4/9 = 17/18 haijapita 1; lakini nyekundu mbili kuwa karibu uhakika, huku nusu ya mfuko si nyekundu, ni jambo lisiloingia akilini. Hatua zinazofuatana kwenye njia moja huzidishwa. Njia mbalimbali zinazofika mahali pamoja hujumlishwa.

Jibu ni nusu, theluthi au sehemu ya sita ya jibu la kitabuni

Hili ndilo linalowakamata wengi, hata waliokwishavuka yote yaliyotangulia. Njia ya kulitambua: gawanya jibu la kitabuni kwa jibu lako. Ukipata 2, 3, 6, 10, 24 au namba nyingine nzima, hukukosea kutoa, umesahau mpangilio.

Chukua "nyekundu na bluu" kwa kutoa gololi mbili. Umeandika 5/10 × 3/9 = 1/6, lakini jibu ni 1/3. Ulichohesabu ni nyekundu kisha bluu. Bluu kisha nyekundu nayo inakubalika, na ina uwezekano uleule: 3/10 × 5/9 = 15/90. Jumla ni 30/90.

Kiswahili chenyewe kinachangia hapa. "Na" katika "nyekundu na bluu" haisemi ipi imetangulia, ilhali katika masimulizi ya kila siku "alitoa nyekundu na bluu" husikika kama zimefuatana hivyo. Swali likitumia "kisha", "halafu", "ya kwanza... ya pili", njia ni moja. Likitumia "na" peke yake, hesabu njia zote. Unapotunga swali wewe, tumia "kisha" au "bila kujali mpangilio", usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha.

Kwa gololi tatu, orodhesha kwa herufi. Nyekundu mbili hasa kati ya tatu, N ikiwa nyekundu na X rangi nyingine yoyote:

NNX: 5/10 × 4/9 × 5/8 = 100/720
NXN: 5/10 × 5/9 × 4/8 = 100/720
XNN: 5/10 × 5/9 × 4/8 = 100/720

Jumla ni 300/720 = 5/12, karibu 0.4167. Ona kwamba sehemu za katikati zinabadilika kutoka mstari hadi mstari lakini jibu la kuzidisha halibadiliki. Chini ni 10 × 9 × 8 kila mara. Juu ni 5, 4 na 5 zilizobadilishana viti. Ukipata mistari isiyolingana katika swali la aina hii, tafuta kosa kwenye mstari ulio tofauti na wenzake. Ukishaamini hilo, hesabu mstari mmoja kisha zidisha kwa idadi ya mistari.

Idadi hiyo nayo hukosewa, na hapa jibu huwa kubwa mno. Wengine huona gololi tatu wakazidisha kwa 6, maana vitu vitatu hupangika kwa njia 6. Jibu linatoka 600/720, kubwa mara mbili. Vitu vitatu *tofauti* ndivyo vyenye njia 6. NNX ina herufi mbili zinazofanana, kwa hiyo 6 inagawanywa kwa 2. Moja ya kila rangi ndiyo inayostahili 6 kamili: 5/10 × 3/9 × 2/8 × 6 = 180/720 = 1/4.

Kosa hilohilo likivaa nguo kubwa linaonekana kwenye bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49. Mtu huandika 1/49 × 1/48 × 1/47 × 1/46 × 1/45 × 1/44 akapata 1 kwa 10,068,347,520. Jibu ni 1 kwa 13,983,816. Gawanya: 720, yaani 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Amedai namba zake zitoke kwa mpangilio alioandika yeye, wakati mchezo hauulizi mpangilio. Viasi sahihi vilikuwa 6, 5, 4, 3, 2, 1: mpira wa kwanza unaruhusiwa kuwa wowote kati ya sita zake.

Umetumia makundi, na jibu bado ni dogo mara 6

Njia ya pili ni kuhesabu makundi bila mpangilio, kwa kitufe cha nCr cha kikokotoo (makundi ya vitu r kati ya n). Nyekundu mbili hasa kati ya tatu: makundi ya nyekundu 2 kati ya 5 ni 10, ya rangi nyingine 1 kati ya 5 ni 5, na makundi yote ya 3 kati ya 10 ni 120. Hivyo 10 × 5 / 120 = 50/120 = 5/12. Inakubaliana na 300/720.

Ukipata 50/720, juu umehesabu bila mpangilio na chini umehesabu kwa mpangilio. Chagua mtindo mmoja ukae nao juu na chini. Mizani moja ya kukagua: zile namba mbili zilizochaguliwa juu (2 na 1) lazima zijumlike kuwa ile ya chini (3), na mafungu yao (5 na 5) yajumlike kuwa 10. Mara nyingi kinachosahaulika ni kundi la "rangi nyingine": mtu anaandika 10/120 akidhani gololi ya tatu haina haja ya kuhesabiwa.

"Angalau moja" imeleta 0.6

Gololi tatu zimetolewa. Angalau moja iwe nyeupe. Jibu la 0.6 hufikiwa kwa njia mbili mbovu, na zote zinavutia.

Ya kwanza: 2/10 + 2/10 + 2/10. Namba hiyo ina maana, ila si ya uwezekano: ni wastani wa idadi ya nyeupe utakazopata. Mfuko wa nyeupe 2 unaweza kukupa zote mbili kwa pamoja, na tukio hilo limehesabiwa mara mbili.

Ya pili ni ya ujanja zaidi. "Nachagua nyeupe moja kwanza ili kutimiza sharti, njia 2, kisha nachagua zozote mbili kati ya 9 zilizobaki, njia 36. 72/120." Tuziite nyeupe hizo A na B. Kundi lenye A, B na nyekundu fulani limehesabiwa A ilipokuwa "ya sharti" na B "ya ziada", likahesabiwa tena zilipobadilishana. Makundi ya aina hiyo ni 8, moja kwa kila gololi isiyo nyeupe. 72 − 8 = 64, na 64/120 = 8/15, karibu 0.5333. Hilo ndilo jibu.

Njia fupi ni kuhesabu usichokitaka: hakuna nyeupe hata moja. 8/10 × 7/9 × 6/8 = 336/720 = 7/15, na 1 − 7/15 = 8/15. Kuna mtego hapa pia: kinyume cha "angalau moja" ni "hakuna hata moja", si "zote". Anayeandika 1 ukitoa uwezekano wa zote kuwa nyeupe hupata 1, kwa kuwa nyeupe tatu hazipo.

Soma neno kwa neno: "moja", "moja tu", "angalau moja", "isiyozidi moja". Likiwa "moja" peke yake, kwa kawaida mtungaji anakusudia "moja tu", lakini si watungaji wote walio waangalifu.

Gololi ya pili, ya kwanza haijaonekana

Gololi moja imetolewa ikafichwa. Je, ya pili ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu? Majibu yanayokuja ni 4/9 na 5/9, na kila mmoja ana hoja yake. Yote mawili si sahihi, kwa sababu kila moja linajifanya linajua rangi ya ile ya kwanza. Unganisha njia zote mbili: 5/10 × 4/9 + 5/10 × 5/9 = 45/90 = 1/2.

Ni ileile 5/10 ya mwanzo. Hata gololi ya kumi, ya mwisho kabisa, ina 1/2. Fikiria gololi 10 zimepangwa foleni huku umefumba macho: hakuna nafasi kwenye foleni inayopendelewa na nyekundu. Asili hupungua kuwa 9 unapo*jua* kilichotoka. Kwa hiyo kanuni ya kupunguza haiendani na mkono ulioingia mfukoni. Inaendana na habari uliyonayo.

Habari hiyo inaweza hata kurudi nyuma. Ukiambiwa ya pili ilikuwa nyekundu, uwezekano wa ya kwanza kuwa nyekundu ni (20/90) ÷ (45/90) = 4/9. Wengi hung'ang'ania 5/10 kwa hoja kwamba ya kwanza ilitoka mfuko ukiwa mzima. Lakini tayari unajua nyekundu mojawapo imekaa nafasi ya pili. Zimebaki 4 za kugombea nafasi ya kwanza kati ya gololi 9.

Kosa dogo sana: 1/51 badala ya 1/52

Karata 52: ya kwanza iwe ree, ya pili iwe kopa. Unaandika 4/52 × 13/51 = 52/2652 = 1/51. Jibu ni 1/52.

Kilichotokea ni kwamba ree ya kopa ni ree na ni kopa. Ikitoka kwanza, kopa zinabaki 12. Gawa njia:

ree ya kopa, kisha kopa nyingine: 1/52 × 12/51 = 12/2652
ree nyingine, kisha kopa yoyote: 3/52 × 13/51 = 39/2652

Jumla ni 51/2652, yaani 1/52. Ile moja iliyozidi katika 52 ni "ree ya kopa kisha ree ya kopa", jambo lisilowezekana. Kila mara makundi mawili ya swali yanapogusana, tenga kile kinachogusana kiwe tawi la peke yake.

Tukiwa bado kwenye karata: karata tano za aina moja. Ukianza na 13/52 unapata robo ya jibu, maana umechagua aina, tuseme shupaza, ambayo swali halikuitaja. Karata ya kwanza ni huru, uwezekano wake ni 1. Kinachofuata ni 12/51 × 11/50 × 10/49 × 9/48, karibu 0.00198.

Kazi ya karatasi ni sahihi, mashine inakataa

Kikokotoo kimeleta 18: umebonyeza 5 × 4 ÷ 10 × 9. Mashine imegawanya kwa 10 kisha ikazidisha kwa 9. Weka mabano, 5 × 4 ÷ (10 × 9).

Kikokotoo kimeandika kosa kwenye faktoriali (alama !, kama 6! = 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1): vingi vinaishia 69!, kwani 70! inapita 10 kwa kipeo cha 100. Tumia nCr moja kwa moja, au zidisha sehemu moja baada ya nyingine. Kwa kutoa vitu vitatu kati ya 200 huhitaji 200! hata kidogo.

Excel: =HYPGEOM.DIST(2,3,5,10,FALSE) inaleta 0.4167, kwa mpangilio wa unazotaka, unazotoa, zilizopo za rangi hiyo, jumla. Ukipata 0.9167 umeweka TRUE, ambayo hujumlisha 0, 1 na 2. Ukibadilishana 3 na 5 kwa bahati mbaya jibu halibadiliki, jambo linalowashangaza wengi. Katika R, programu ya takwimu, dhyper(2,5,5,3) inataka nafasi ya tatu idadi ya rangi *nyingine*, si jumla. Ukiweka 10 hapo unapata 0.2198, kwani umejaza mfuko gololi 15.

Umejaribu kwa kurudisha na jibu halikubadilika

Huenda hujakosea. Mfuko wa 1000 wenye nyekundu 500: mbili mfululizo ni 0.24975 dhidi ya 0.25. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba ukitoa chini ya asilimia 5 ya vyote, unaweza kuhesabu rangi kana kwamba unarudisha. Hilo ni la rangi tu. Ukitoa 30 kati ya 1000 kwa kurudisha, uwezekano wa kitu kimoja kutokea zaidi ya mara moja ni karibu 0.36. Kwa hiyo swali likihusu kujirudia kwa kitu chenyewe, mkato huo haufai.

Na ukikagua kwa kuigiza kwenye kompyuta, angalia chombo unachotumia kinarudisha au la. Katika lugha ya programu ya Python, random.sample hairudishi na random.choices inarudisha. numpy.random.choice hurudisha usipoiambia replace=False; sample ya R hairudishi mpaka uiombe. Kwa swali la nyekundu mbili hasa kati ya tatu, matokeo yakicheza karibu na 0.375 badala ya 0.4167, gololi zinarudi mfukoni. Kwa majaribio 100 huwezi kutofautisha namba hizo mbili, kwa sababu yumbayumba ya kawaida ni karibu 0.05. Kwa majaribio 10,000 yumbayumba hiyo hushuka hadi karibu 0.005, na tofauti ya 0.04 inaonekana bila shaka.